Kabla ya Kupima Keria, Geuza Mgongo

Ni miezi minne tangu niache kazi ya kutengeneza na kufunga keria za pikapu hapa Eldoret, na simu yangu bado haijapata habari kwamba nimestaafu. Jana Kiprono, fundi niliyemwachia banda, alinipigia mara tatu kabla chai yangu ya asubuhi haijapoa. Mara ya kwanza alitaka kujua mguu wa mbele wa keria ukae umbali gani kutoka kwenye kioo. Mara ya pili alikuwa haoni kisu cha kukatia raba, na kiko palepale kilipokuwa miaka yote. Mara ya tatu akasema, "Mathe, si uandike tu hizi vitu zote mahali pamoja? Sisi tutasoma."

Watasoma! Watu ambao sijawahi kuwaona wakisoma hata onyo lililobandikwa kwenye mtungi wa gesi. Haya, naandika. Lakini nikimaliza, atakayenipigia kuniuliza jambo lililomo humu ndani, nitamkatia simu.

Kwanza keria yenyewe. Ni ile fremu ya chuma inayokaa juu ya pikapu ili ibebe mzigo usiotoshea nyuma: ngazi, mbao, magodoro, marobota ya nyasi kavu za ng'ombe. Hiyo ndiyo kazi yake. Wateja wetu wengi hudhani ni kofia. Mtu anakuja na picha kwenye simu, gari la jangwani lenye taa nane, anasema, "Mama Shiro, nitengenezee kama hii." Ukimuuliza atabeba nini, ananuna. Mwingine aliagiza ya mtandaoni, ikafika ndani ya boksi na vifungo vya gari ambalo si lake, akaniletea nimalizie "kidogo tu." Kidogo tu! Hilo neno limenizeesha kuliko moshi wa kuchomelea.

Mimi ni mtoto wa duka. Wazazi wangu walihama kutoka Mkoa wa Kati wakafungua duka Kesses, na nilijua kuhesabu viberiti kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipofika kwa Mzee Ochieng' kuomba kazi, nikisubiri amalize kuchomelea, nilijikuta nimehesabu mabomba yote yaliyoegemea ukuta. Alipovua miwani yake nikamwambia yako mangapi, nikidhani nitamfurahisha.

"Nani amekutuma kuhesabu?" akauliza. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mfupi, mwenye maneno machache kama aliyekatazwa na daktari kusema.

"Hakuna. Natafuta kazi."

"Ya kupika?"

"Ya kuchomelea."

Akanipa tupa na kipande cha chuma, akaniambia nikilainishe. Nililainisha siku tatu. Siku ya pili, tukila githeri, nikaona nimchangamshe mzee. Nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Wako," akasema.

"Wangapi?"

"Wanakula," akasema, akarudi kazini. Nilimwona mtu asiye na adabu hata kidogo.

Sitawaficha makosa yangu ya mwanzo, kwa kuwa mnayarudia kana kwamba mmeyarithi. Keria ya kwanza niliyofunga peke yangu, niliifunga ndani ya banda kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Niliikaza, nikaipaka rangi, nikaipangusa. Mwenye gari akaja na mwavuli, akawasha, akarudi nyuma, na keria ikagonga juu ya mlango: gwaa! Ilikuwa imezidi kimo cha mlango kwa vidole vitatu. Tukapunguza upepo wa magurudumu yote manne, haikutosha. Mzee Ochieng' alikuja akatazama mlango, akatazama gari, akasema, "Basi tumuuzie na banda." Nilifungua nati zote mbele ya mteja, na mvua ilikatika dakika ileile nilipomaliza.

Kosa la pili, na hili mlisome mara mbili: kabini ya dereva na bodi ya mizigo ya pikapu havitembei pamoja. Simama nyuma ya gari likipanda tuta uone, kabini inainama huku na bodi inainama kule. Ukichukua fremu moja, ukaweka miguu miwili juu ya kabini na miwili kwenye bodi, ukaikaza yote, umewafunga kamba moja ndugu wawili waliogombana. Mwezi hauishi kabla chuma hakijapasuka kwenye kiungo. Mzigo ukiwa mzito, miguu yote isimame kwenye bodi, na sehemu ya mbele ipite juu ya kabini bila kuigusa. Ukiwa mwepesi, keria ikae juu ya kabini peke yake, miguu ikiuma ule mfereji mwembamba wa kando ya paa unaopitisha maji ya mvua. Magari ya siku hizi hayana huo mfereji. Waliouondoa wanajua sababu, mimi sijui. Hayo huwa na matundu ya bolti yaliyofichwa chini ya vipande vya plastiki. Yatafute. Usitoboe paa. Kiprono, wewe nakuandikia kwa herufi kubwa: USITOBOE PAA. Mvua ya Eldoret haingoji kukaribishwa.

Chini ya kila mguu weka raba ya tyubu kuukuu ili rangi isichubuke. Mwambie mteja arudi baada ya wiki nati zikazwe upya. Hatarudi. Mwambie hata hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika, maana hayo mengine mngeyajua tu kwa kuharibu magari ya watu.

Mzee Ochieng' alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinichoma roho. Mteja akija kutaka keria, mzee hachukui futi wala kalamu. Anachora kwa chaki sakafuni umbo la paa la gari. Anamwaga pembeni lundo la makopo matupu ya rangi, anamwambia mteja, "Panga mzigo wako hapa, kopo moja kwa kila kitu." Kisha anakwenda zake mlangoni kunywa chai, mgongo umeelekea banda. Wakati muhimu kuliko wote, fundi mkuu anakunywa chai! Mimi nilikuwa na futi, nilikuwa na mdomo, ningeweza kuuliza swali moja na kupata jibu moja. Nilimlalamikia mara nyingi. Aliongeza sukari.

Basi kiangazi kimoja mzee akasafiri kwenda mazishi kwao, akaniachia banda. Siku ya pili akaja Mzee Barno, mkulima wa Sugoi, na pikapu yake nyeupe ya zamani. Mkewe, Mama Kipkorir, alikuwa amekaa ndani ya gari na kikapu mapajani. Mzee alitaka keria ya kubebea nyasi kavu, kwa kuwa nyuma ya gari kulijaa mikebe ya maziwa.

"Utabeba marobota mangapi, Mzee?" nikauliza.

"Ni ya kawaida tu."

"Kawaida ni ngapi?"

"Si mingi."

"Mzee, chuma hakijui 'si mingi'. Nipe namba."

Alitazama viatu vyake, akatazama barabara. Mama Kipkorir aligeuza uso dirishani. Nilimuuliza tena, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakipita, na nilikuwa na haraka, na nilijiona fundi.

"Nne," akasema mwishowe.

"Manne tu?"

"Nimesema nne."

Jinsi nilivyofurahi! Nilikuwa na namba. Marobota manne ni mzigo mwepesi, kwa hiyo nikachukua bomba jembamba, nikaikalisha keria juu ya kabini, miguu ikauma mfereji wa paa vizuri kabisa. Kazi ilikwisha kwa siku mbili. Mzee Ochieng' aliporudi nikamweleza kwa majivuno kwamba nimefunga keria bila kopo na bila chai. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alipanga?"

"Alisema manne."

Akaweka begi lake chini, akasema, "Eeh." Nilipaswa kuielewa hiyo eeh.

Wiki ya tatu, mvua ikawahi msimu. Asubuhi moja jirani wa Mzee Barno akaingia na gari, akashusha fremu iliyopindika, akaibwaga mbele ya banda. "Hii ni yenu," akasema. Mzee Barno alikuwa ametoka kununua nyasi, zikanyeshewa njiani, zikawa nzito maradufu. Alipofika kwake, Mama Kipkorir akashuka kufungua geti. Mzee akakanyaga breki. Miguu ya keria ikafunguka kutoka kwenye mfereji wa paa, fremu ikateleza juu ya kioo pamoja na nyasi zote, ikambana mama kwenye nguzo ya geti. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Nilichuchumaa karibu na ile fremu. Vipande vya kamba za marobota vilikuwa bado vimenasa kwenye chuma. Nilivihesabu. Sitaandika vilikuwa vingapi. Havikuwa vinne.

Kwanza nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilimwita Mzee Barno mwongo, mbele ya jirani yake. Mzee Ochieng' alingoja jirani aondoke.

"Ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza ngapi!"

"Mimi umewahi kunisikia nikiuliza ngapi?"

"Wewe huwa unaenda kunywa chai!"

"Huwa nageuza mgongo," akasema. "Chai ni ya kushika mkononi."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unalalamika."

Nilikuwa na spana mkononi, na Mungu peke yake anajua kwa nini sikuirusha. Mzee huyu amelala kaburini miaka mingi sasa na bado siku nyingine natamani kuirusha. Neno moja tu lingetosha! Lakini ukweli ni kwamba nilifanya kazi naye muda wote ule bila kumuuliza hata siku moja anafanya nini pale mlangoni, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua ni uvivu.

Nilikwenda Sugoi na mkate na kilo mbili za sukari. Njiani nilijipanga kusema kwamba kosa si langu, kwamba niliuliza na nikajibiwa. Mama Kipkorir alikuwa jikoni, mkono umefungwa plasta hadi begani. Alinikaribisha kiti, akachukua kibuyu, akakibana kwa magoti, akanimiminia maziwa ya mursik kwenye kikombe. Kisha akaninyooshea kwa mkono wa kushoto.

"Unisamehe hii mkono," akasema. "Sina ingine."

Mtu niliyemvunja mkono ananiomba msamaha kwa kunipa maziwa kwa mkono usiofaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Pole sana, Mama. Mzee aliniambia ni manne."

"Najua. Nilikuwa kwa gari, nilisikia." Alikaa. "Nyasi ni za nani?"

"Za ng'ombe."

"Sasa ukijua nyasi ya wiki, si umejua ng'ombe? Na ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Wewe ulimuuliza barabarani, watu wakipita. Ulimuuliza kitu hata mimi, bibi yake, sijawahi kumuuliza."

Nikakumbuka githeri, na Mzee Ochieng' akisema "Wako." Hata kwetu nyanya yangu alikuwa akifoka mtu akihesabu watoto wake kwa kidole. Nilikuwa nalijua jambo hili tangu utotoni, ila nililiacha nje ya banda nilipoingia na futi yangu.

Nilimuuliza kama atakamua tena. Alisema daktari amesema wangoje. Kwa sasa Mzee Barno ndiye anayekamua, jambo ambalo majirani walikuwa wakija kulitazama. "Lakini ng'ombe wananijua mimi," akasema. "Akishika yeye, wanaficha maziwa."

Baada ya mwezi walikuja mjini pamoja, mama akiwa na mkono kwenye kitambaa kilichoning'inia shingoni. Tulikubaliana niwatengenezee nyingine bure, kwa nguvu zangu. Nilichora kwa chaki. Nilimwaga makopo. Nikamwambia Mzee Barno apange, nikaenda mlangoni na kikombe cha chai nisichokuwa na hamu nacho. Mama Kipkorir naye akaja akasimama kando yangu, akageuza mgongo kama mimi. Tukatazama barabara. Nyuma yetu makopo yakaanza kulia sakafuni, ko, kisha ko, kisha ko. Nilijitahidi. Akili ya duka haitaki kulala.

"Usihesabu na masikio," mama akasema, bila kunitazama.

"Sihesabu."

"Unahesabu. Midomo inacheza."

Mzee alipokohoa tukageuka. Makopo yalikuwa yamepangwa safi, ghorofa juu ya ghorofa, na pale ndipo nilipoelewa kazi ya marehemu Ochieng', ambaye siku hiyo alikuwa hai na amejificha nyuma ya mlango akijifanya anatafuta msasa. Makopo hayahesabiwi. Unapima lundo: urefu, upana, kimo. Lundo linakwambia unene wa bomba na mahali pa miguu, na hakuna mtu aliyetamka chochote. Nilichukua bomba nene. Niliisimamisha miguu yote kwenye bodi. Keria hiyo ilidumu kuliko gari lenyewe, ikahamishiwa gari la pili.

Mkono ndio haukupona. Mifupa ilishikana lakini mkono haukunyooka, na Mama Kipkorir hakukamua tena. Kila alipokuja mjini alipita kunisalimia kwa mkono wa kushoto, na kila mara aliomba radhi, na kila mara nilitamani ardhi ipasuke nizame. Hakuwahi kunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Tangu hapo sikumuuliza mteja yeyote ngapi. Mwalimu mmoja wa chuo kule Chepkoilel, akihama nyumba, aliniambia ana "vitabu vichache." Nikamwachia chaki na makopo. Nilipogeuka, makopo yalikuwa yamekwisha na ameongeza viatu vyangu vya kazi. Ndivyo watu walivyo, si wakulima peke yao. Lakini ninyi vijana mnaniona mshirikina. Kiprono aliwahi kuweka fomu kwenye simu ili mteja ajaze idadi ya mzigo akiwa nyumbani. Wote walijaza nne au tano! Nikamwambia, hongera, umepata uwongo mtandaoni.

Wiki jana nilimpelekea Kiprono pikapu yangu. Ndiyo, nimejinunulia, ndogo, kuukuu, ya kutolea mboga kwenye shamba langu Kesses. Macho yangu hayafai tena kuchomelea, kwa hiyo nilikwenda kama mteja, nikasimama pale wateja wanaposimama. Ni ajabu jinsi mahali hapo palivyo padogo.

"Ya kubeba nini, Mathe?"

"Nyanya. Sukuma kidogo. Kuku siku moja moja."

"Kreti ngapi?"

Baada ya yote niliyomfundisha! Nilifungua mdomo nimkaripie, na kilichotoka si karipio.

"Nne tu," nikasema.

Grainda ikazimwa. Mafundi wote wakanitazama. Nilingoja wacheke, na nilistahili. Kiprono hakucheka. Alinitazama kidogo, akaweka kalamu nyuma ya sikio, akachukua chaki akachora paa la gari langu sakafuni. Akamwaga makopo.

"Chai," akawaambia wenzake. Wakaenda mlangoni wote, hata mteja aliyekuja kunyooshewa bampa, wakanipa migongo.

Niliweka makopo manne. Ndiyo mavuno ninayopata sasa, sikusema uwongo. Kisha nikafikiria kile kipande cha chini karibu na kijito ambacho sijakilima. Nikaongeza kopo. Nikafikiria vitunguu. Binti yangu Shiro alisema kwenye simu kwamba huenda akarudi nyumbani tufuge kuku pamoja. Alisema huenda. Nikaweka mawili ya Shiro, polepole, yasilie. Nilikuwa nikitazama ile migongo mlangoni, na kama mmoja wao angegeuka wakati ule, wallahi ningeyaondoa yote. Nilimkumbuka Mzee Barno akitazama viatu vyake huku mimi nikidai namba, na moyo uliniuma upya, kwa ajili yake na kwa ajili ya ule mkono.

"Nimemaliza," nikasema.

Kiprono alirudi. Alitazama lundo. Akapima urefu, akapima upana, akapima kimo. Akaenda ukutani, akapita mabomba membamba bila kuyagusa, akavuta lile nene.

Gari bado liko kwake, ndiyo sababu ya ile simu ya kwanza ya jana. Siku ile ya makopo niligeukia ukuta ili wasione macho yangu, nikamwambia asitoboe paa.